Mhariri, kuta za mawimbi nazo zina kanuni zake

Mhariri, naomba kanafasi niseme kuhusu hizi kuta na paa za mawimbi ambazo siku hizi kila mbunifu anazitaka. Mtindo wenyewe mi naupenda, shida yangu ni namna unavyochorwa. Mtu anafungua programu, anabonyeza bonyeza pointi mpaka jicho liridhike, imeisha hiyo. Mteja akisema ukuta upungue toka mita 40 hadi 34 jamaa anafuta anaanza upya, na ukimuuliza ile kona kali kabisa ina nusu kipenyo cha ngapi anabaki kukutolea macho.

Wengine ndo wanakimbilia namba za nasibu (za bahati tu) kwenye Grasshopper, ile programu ya kuchora kwa namba na kanuni, kila pointi inasogezwa kivyake, matokeo yake ni meno ya msumeno yaliyopigwa msasa.

Njia ninayoiamini mimi ni kujumlisha mawimbi machache ya sini, yale yale ya trigonometria ya shule, ila urefu wa kila wimbi usigawanyike vizuri kwa mwenzake. Mfano la kwanza urefu mita 17 kimo (toka mstari wa katikati hadi kileleni) mita 1.2, la pili mita 11 kimo nusu mita, la tatu mita 6 kimo sentimita 20. Kwenye ukuta wa mita 40 hutaona sehemu inayojirudia, na bado kila kitu kinashikwa na namba sita tu, ukivuta slaida ya namba kwenye programu mstari wote unafuata. Sasa hapa ndo wengi wanapigwa chenga: hako kawimbi kadogo ka mita 6 ndo kenye kona kali, nusu kipenyo chake kileleni ni kama mita 4.6 wakati lile kubwa ni kama mita 6.1. Ukipunguza urefu wa wimbi kwa nusu bila kugusa kimo, ukali unapanda mara 4! Kwahiyo fundi akilalamika fomu (mbao za kumwagia zege) haipindi, usihangaike na wimbi kubwa, shusha kimo cha lile dogo kwanza.

Na msiniambie kanuni inaua ubunifu. Jørn Utzon, mbunifu wa Denmark, alishinda shindano la kubuni Sydney Opera House, lile jumba la maonyesho la Australia, mwaka 1957 kwa paa za magamba yaliyochorwa kwa mkono bila jiometri maalum, wahandisi wakasota miaka kutafuta namna ya kuyajenga, mpaka 1961 ilipoamuliwa yote yakatwe kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi, ndo vipande vikaweza kurudiwa kiwandani. Kuna anayeliona lile jengo halina ubunifu?

Ombi langu, mkitoa tena picha za majengo ya hivi wekeni pembeni hata plani ndogo yenye nusu kipenyo za matao yake, vijana wanaosoma wapate cha kupima.

Ni mimi msomaji wenu, mchora ramani