Kitabu kikirudishwa na gereza

Salma mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza jinsi ya kuishtaki idara ya magereza Marekani kwa kurudisha vitabu mnavyowapelekea wafungwa. Kabla ya wakili, tunzeni bahasha iliyorudi na muhuri wake, na mwandike tarehe iliyofika. Kesi hizi huangushwa na tarehe na karatasi kabla hoja ya uhuru wa kusoma haijasikilizwa.

Katika magereza ya shirikisho (yaani ya serikali kuu, si ya majimbo), mkuu wa gereza akikataa chapisho lazima amwandikie mfungwa sababu, ataje sehemu zilizomkwaza, na ninyi mpate nakala. Mkishaipokea mna siku 20 za kumwomba mkurugenzi wa kanda apitie uamuzi huo. Tena mkuu wa gereza haruhusiwi kuweka orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Kila chapisho likaguliwe lenyewe. Wakiwajibu "kimo kwenye orodha", jibu hilo ni ushahidi wenu, lihifadhini. Majimbo yana kanuni zake, kwa hiyo ombeni nakala ya kanuni za gereza husika.

Mfungwa mwenyewe hawezi kushtaki mpaka amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Ndivyo inavyosema sheria ya 1996 kuhusu kesi za wafungwa (Prison Litigation Reform Act). Kwa wa shirikisho, fomu ya kwanza huenda kwa mkuu wa gereza ndani ya siku 20 tangu tukio, rufaa ya kanda siku 20, ya makao makuu siku 30. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2006, katika kesi ya Woodford v. Ngo, kwamba malalamiko yaliyochelewa hayahesabiki. Ninyi watumaji si wafungwa, sheria hiyo haiwabani. Ndiyo maana napenda mtumaji naye awe mlalamikaji.

Mahakamani mtapimwa kwa kipimo cha kesi ya Turner v. Safley ya 1987, ambacho kesi ya Thornburgh v. Abbott ya 1989 ilikihamishia kwenye machapisho: je, katazo lina uhusiano wa maana na usalama wa gereza? Mfungwa ana njia nyingine ya kusoma? Walinzi wataelemewa? Kuna mbadala rahisi? Kwa maoni yangu kipimo hiki kinaipendelea serikali mno. Katika Beard v. Banks, 2006, jimbo la Pennsylvania lilishinda kesi juu ya katazo lake la magazeti, na mlalamikaji hakuwa ameleta ushahidi wa kupinga maelezo ya ofisa wa gereza. Msifanye hivyo. Tafuteni kiapo cha ofisa mstaafu wa magereza, na mwonyeshe vitabu vya maudhui yale yale vilivyomo katika maktaba ya gereza hilo hilo.

Dai la kutopewa taarifa kwamba kitabu kimekataliwa lisikosekane, chini ya Marekebisho ya 14 ya Katiba kwa magereza ya majimbo, au ya 5 kwa ya shirikisho. Huko Florida, mwaka 2018, mahakama ya rufaa ilikubali jarida la Prison Legal News lizuiwe kwa sababu ya matangazo yake, lakini papo hapo ikasema idara ilikosea kutowapa wachapishaji taarifa inayotakiwa. Hapo ndipo magereza huteleza.

Muulizeni mfungwa leo hii alipewa barua tarehe gani, maana siku zake zinakwisha.

Wako,
Rashidi