Pampu isiyojua kusema "sijui" itatumalizia maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua, maana hili jambo naona wataalamu wanajadiliana wenyewe kwa wenyewe huko vyuoni alafu sisi wa mashambani tunaletewa bei tu. Siku hizi huku Dodoma ukikaa na wakulima wa zabibu hukosi kusikia habari za mifumo inayojiendesha, yaani vihisi vya unyevu ardhini, pampu, tenki na valvu vinapashana habari vyenyewe na kuamua shamba gani linyweshwe saa ngapi, na hali ikibadilika mfumo unajirekebisha bila mtu kwenda kugusa kitu. Mie sipingi kabisa, kwa mvua zetu hizi za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili basi, nani atapinga? Ila kuna swali sijasikia muuzaji hata mmoja akilijibu: hivyo vidude vinaandika vinachokijua kwa lugha gani?

Kila kimoja kinaendeshwa na programu ndogo, wanaita wakala (sio yule wa kibandani tunakotolea hela), ina mambo inayoyaamini na inatakiwa kuwaambia wenzake wakaelewa. Hili sio jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani kupitia mradi uliofadhiliwa na DARPA (shirika la utafiti la jeshi lao) walitoa KIF ya kuandikia maarifa na KQML ya kutumiana ujumbe, 1996 ikaanzishwa FIPA, shirika la kuweka viwango vya mawakala hawa, ikaja na lugha yake ya mawakala ambayo ina mpaka ujumbe maalumu wa kumjibu mwenzako kwamba hujamuelewa, na mwingine wa kukataa ombi lake, alafu 2004 W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, wakapitisha OWL, lugha nyingine ya kuandikia maarifa. Kwa hiyo kampuni ikikwambia imebuni lugha yake ya siri na wewe huwezi kuiona, ujue ni hiari yao.

Sasa shida yenyewe iko hapa. Huku mtandao unakata, betri ya sola inachoka, panya anatafuna waya, kihisi kinanyamaza. Kwenye mfumo ulioandikwa kwa mtindo wa Prolog (lugha ya programu inayofuata kanuni za mantiki) au databesi ya kawaida, kisichoandikwa kinahesabika sio kweli, yaani hakuna taarifa kwamba udongo una maji basi udongo hauna maji, fungulia pampu, usiku kucha pampu inavuta kisima na hakuna aliyekosea maana mashine imefuata mantiki yake vizuri tu. Na zabibu zikikaribia kuvunwa ukizizidishia maji sukari inashuka, zinapasuka, zinaoza, mwenye kiwanda cha mvinyo akipima sukari unajua mwenyewe bei itakavyokuwa. OWL haifanyi hivyo, yenyewe kisichosemwa hakijulikani, haiamui kwamba ni uongo.

Lakini OWL peke yake nayo haitoshi, na hapa ndo huwa natofautiana na vijana wa kompyuta wanaoisifia. Mantiki yake haifuti hitimisho, ukiongeza taarifa mpya yale ya mwanzo yanabaki palepale, wakati shamba jana lilikuwa kavu na leo limelowa. Mashine inayojirekebisha lazima iweze kuacha ilichokuwa inaamini. Ndo maana mie napendelea kitu kama Jason, chombo cha kuandikia mawakala kilichojengwa juu ya lugha ya AgentSpeak ya 1996, mle "sina taarifa kwamba udongo umelowa" na "najua udongo haujalowa" ni sentensi mbili tofauti kabisa, kwa hiyo unaweza kumwandikia wakala mpango kwamba ukikosa taarifa muulize jirani kwanza, toa maji nusu, mtumie mwenye shamba meseji.

Tena huko kujirekebisha wenyewe. IBM walianza kulipigia debe wazo hili 2001, na mzunguko wao ni angalia, chambua, panga, tekeleza, na katikati yake yakae maarifa. Kama maarifa yamefukiwa ndani ya programu basi anayejirekebisha sio mfumo, ni divelopa wa Dar anayepanda treni ya mwendokasi kuja kubadilisha mstari mmoja, na nauli na posho ni ya kwako.

Nawaomba viongozi wa AMCOS (vyama vyetu vya ushirika wa wakulima) na halmashauri kabla ya kusaini chochote waombe kuona faili la kanuni ambazo mfumo unazifuata kuamua, limekaa peke yake, nje ya programu, na majina ya mazao na udongo yafuate AGROVOC, orodha ya maneno ya kilimo ya FAO, ambayo Kiswahili kimo, ili siku mkimfukuza mkandarasi data zibaki na kueleweka. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wapo hapahapa, mwiteni hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho awasomee hilo faili. Alafu muuzaji akiwa anaonyesha mfumo wake, chomoeni waya wa kihisi kimoja mbele yake muone pampu itafanya nini. Akianza kusema ngoja kwanza niongee na ofisi, msisaini.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma