Mwezi uandikwe kwa herufi jamani

Mhariri, salaam aleikum. Mimi nina kisaiba changu, kiduka cha kompyuta na kuchapa, hapa Kibokoni, kadi za harusi, barua za kazi, fomu za shule, zote nachapa mimi, na kinachonipa taabu kila siku ni tarehe za Kizungu.

Mwaka jana mpwa wangu aliomba nafasi chuo kimoja Marekani, mwezi wa sita wakamletea imeli kuwa watamhoji kwa video 07/08. Sisi huku siku yatangulia mwezi, kwa hivyo ni tarehe saba mwezi wa nane, basi kijana akatulia zake, akasoma, akaazima koti, siku ilipofika akaja kukaa dukani kwangu mbele ya kompyuta toka saa kumi na mbili jioni mpaka mate yakamkauka, wala hakutokea mtu. Kumbe wenzetu waanza na mwezi, miadi ilikuwa tarehe 8 Julai! Na imeli ya kumuuliza mbona hukuja ilikuwa imelala kwenye spamu siku zote hizo.

Yaani hapo hakuna aliyekosea Kiingereza. Waingereza waliotutawala huanza na siku, na sisi tukabaki hivyo hivyo. Wamarekani ndio wageuza, ndio maana lile shambulio la 11 Septemba 2001 waliita "nine eleven". Lakini sikukuu yao ya uhuru waiita "Fourth of July", siku mbele, sasa hapo sijui tuwashike wapi. Ukiona 25/08 hupotei maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, balaa ni zile siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi.

Kuna na mpango wa kimataifa, ISO 8601, upo toka 1988, mwaka mbele kisha mwezi kisha siku, 2024-07-08. Kwa mafaili ya kompyuta ni mzuri sana, yajipanga yenyewe, lakini uweke kwenye kadi ya harusi uone, watu watadhani ni namba ya kutuma mchango.

Na hizo kadi nazo! Mzee mmoja alinigombeza nimwandikie "22th" kwa sababu eti "20th" ina th. Mzee wangu, herufi zile ni mkia wa neno linavyotamkwa, "second" yaisha na nd basi 22 ni "22nd", 21 na 31 ni st, 23 ni rd, ila 11, 12 na 13 zabaki na th kama tarehe nyingine zote. Akalipa kwa kununa. Na maemsii wetu, ukiandikiwa "3 April" usisome "three April", sema "the third of April", hiyo "the" na "of" haziandikwi lakini zatamkwa. Halafu ni "on 3 April" bali "in April", hapa Kiswahili chatuponza maana sisi hatuna hayo.

Mhariri, hata kwenu nimeona tangazo la tenda mwisho wake 04/05, na anayetangaza ni kampuni ya nje, sasa mtu apeleke makaratasi lini? Andikeni "4 Mei" au "5 Aprili", ni herufi chache tu. Mimi nshabandika karatasi mlangoni, tarehe ya namba tupu sichapi, na wateja wawili washahamia saiba ya jirani.

Mchapaji,
Kibokoni, Mombasa