Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa vipande vya manila

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Hesabu atawasomea mweka hazina mwenyewe siku ya mkutano mkuu kwa hiyo mi sigusi pesa. Nataka niwaeleze ile kazi iliyotula mwaka mzima, yaani kupanga vipimo ambavyo mtu anaweza kuvitumia hapa, mwezini, Mars au popote bila kubeba rula ya nyumbani.

Kwa waliojiunga juzijuzi, shida ilianzia hapa. Wazee wetu walipima kwa shubiri, mkono, kibaba na pishi, na biashara ilienda, ila mkono ni wa nani? Na msidhani Wazungu walikuwa mbali na hilo, tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridi kimefungiwa Sèvres karibu na Paris, baada ya miaka kama mia wakakipima na nakala zake wakakuta wamepishana kama maikrogramu 50, na hakuna wa kusema nani kapungua nani kaongezeka maana kile kipande ndo chenyewe kilo! Tarehe 20 Mei 2019 wakaachana nacho, sasa kilo inatoka kwenye namba ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika.

Sisi wa Pwani tuna mfano wa karibu zaidi. Setelaiti Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini pale Malindi kutafuta eksirei za angani, na idadi ya miale iliyohesabiwa na mtambo wake kwa sekunde ikageuka kipimo, wanaastronomia wakawa wanaandika "Uhuru" kadhaa kwa kila chanzo. Naipenda sana hiyo habari, lakini kipimo hicho kimefungwa kwenye chombo kimoja. Wengine wakatumia Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, kama rula ya mng'ao, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kuanzia 2008 imefifia kama asilimia 7. Rula yenyewe inacheza.

Kamati ikaanza na Planck, yule mwanafizikia Mjerumani, ambaye 1899 alipendekeza vipimo vya kutumika na viumbe wowote hata wasio binadamu. Wazo zuri mno, ila urefu wake ukiuandika kwa mita una sufuri 34 baada ya nukta kabla hujaona namba, na pia unategemea namba ya mvutano ya Newton ambayo mpaka leo inajulikana kwa uhakika wa sehemu 22 hivi kwa milioni tu. Tukahamia haidrojeni. Atomu yake inatoa mawimbi ya redio ya megahezi 1420, wimbi moja lina sentimita 21.1, na ndo hilohilo lililochorwa kwenye bamba la chombo cha angani Pioneer 10 mwaka 1972. Chukua muda wa wimbi moja, udabo mara 30, unapata sekunde 0.756, karibu na pigo la moyo. Chukua atomu moja ya haidrojeni, udabo mara 89, unapata kilo 1 na gramu 36. Siku tulipoiona hiyo ya pili nililazimika kurudia hesabu mara tatu, sikuamini kama itaangukia karibu hivyo na kilo ya dukani.

Ubishi mkubwa ni tudabo au tuhesabu kwa makumi. Wenye makumi wanasema watoto wataelewa haraka. Mimi naunga mkono kudabo, maana kumi ni vidole vyetu tu, haidrojeni haina habari navyo.

Sasa vile vipande. Tulikata karatasi za manila kila kimoja wimbi moja, bila kuandika namba, tukawapa wanafunzi wapime mlango wa darasa. Kundi moja likapata tisa na nusu, jingine likakaribia kumi, mlango ule ule. Nikakusanya vipande vyote nikavipanga pamoja juu ya meza, kingo zikatokeza kama ngazi, vingine vimezidi milimita tano nzima. Hapo ndo nilielewa kitu ambacho vitabu havikunieleza vizuri, kwamba wimbi halikosei ila mkasi unakosea, ukishakata kipande tu umerudi kwenye kile kipande cha Sèvres. Kwa hiyo rasimu yetu ya vipimo lazima iseme namna ya kulipata wimbi lenyewe, sio urefu wake tu.

Na bado kuna mwezi. Saa iliyo kule inakimbia kuliko ya duniani kwa maikrosekunde kama 58 kila siku kwa sababu ya mvutano, ingawa atomu ni ile ile. Inaonekana kidogo lakini mwanga ndani ya muda huo unakwenda kilomita 17, chombo kinaweza kutua pengine kabisa. Sehemu hiyo hatujaimaliza, naombeni radhi.

Mwaka ujao nataka tulipokee wimbi sisi wenyewe. Antena ya tarumbeta inatengenezeka kwa boksi na foili au bati, kifaa cha redio cha kuchomeka kwenye laptopu kinapatikana, na Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota angani, ina haidrojeni ya kutosha. Anayemjua fundi bati mwenye mkono mtulivu aniambie kabla ya mkutano, na kila mmoja aje na jina la Kiswahili la kile kipimo cha urefu, mpaka sasa tunakiita "kipande" tu.