Ripoti ilinyamaza, nikadhani kuna amani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua niwasimulie wenzangu wanaotunza seva za ofisi ndogo jambo lililonitia aibu.

Natunza kompyuta za chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Seva yetu inaendeshwa na mfumo wa Ubuntu, tovuti iko kwenye Apache, programu inayotoa kurasa zake, na kila asubuhi saa 12:25 programu ya Logwatch hupitia logi za jana, yaani mafaili yanayoandika kila kinachotokea kwenye seva, na kunitumia ripoti kwa baruapepe. Huisoma na chai yangu ya rangi. Mwezi Machi diski ilikaribia kujaa, nikazihamishia logi za tovuti kwenye diski mpya, folda /data/logi. Tangu siku hiyo ripoti ikawa fupi. Nami nikafurahi! Nilidhani wadukuzi wametuchoka.

Wiki ya tano mwanachama akalalamika kuwa tovuti nzito. Kufungua logi kwa mkono, nakuta anwani moja inabisha hodi wp-login.php, mlango wa kuingilia tovuti zilizojengwa kwa WordPress, usiku kucha, mara tatu nne kwa sekunde, na sisi hata hiyo WordPress hatuna. Kwenye ripoti, kimya: Logwatch ilikuwa bado inazitafuta logi mahali pa zamani. Logwatch ikikosa habari za huduma fulani haiandiki kwamba haikuona kitu. Inairuka sehemu nzima. Kwa maoni yangu huo ni ubovu: ukimtuma mtu kwenye nyumba isiyokuwapo, si arudi aseme?

Kurekebisha nako nilikosea mara mbili. Kwanza nilihariri faili la mipangilio lililo ndani ya folda /usr/share/logwatch/default.conf. Likafanya kazi, hadi programu iliposasishwa na maandishi yangu yakafutika. Mipangilio ya kwetu wenyewe huandikwa kwenye /etc/logwatch/conf/logfiles/http.conf. Nikahamia huko, nikaandika kwa haraka:

LogFile = data/logi/*access.log

Kimya tena. Siku mbili nilizunguka na ruhusa za mafaili, nikawasha upya kila kinachowashika. Aliyeona kosa ni binti wa chuo aliyekuja kwetu fildi: "Dada, mbona hapo mwanzo hakuna mkwaju?" Njia ya faili isiyoanza na mkwaju, yaani alama ya /, Logwatch huihesabu kuanzia /var/log, kwa hiyo ilikuwa ikitafuta /var/log/data/logi, mahali ambapo hapajawahi kuwapo. Tuliuweka, tukaendesha kwa mkono, sehemu ya httpd, ndiyo ya Apache, ikashuka kurasa na kurasa.

Na logrotate, programu inayokata logi zisizidi kukua, nayo ilikuwa hivyohivyo: inaangalia /var/log/apache2 iliyobaki tupu, huku access.log ya kwenye diski mpya imefika gigabaiti 9 bila kukatwa.

Sasa nimebandika karatasi kwenye kabati la seva: ukihamisha logi, gusa Apache, Logwatch na logrotate, zote tatu. Yule binti ameongeza chini yake, kwa kalamu nyekundu, mkwaju mmoja mkubwa.

Mama Seva,
Kihonda, Morogoro