Minnie Watson ana jina, lichapisheni

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Thogoto, misheni ya Waskoti kule Kikuyu, imenikera, na safari hii sinyamazi. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mwandishi wenu amejaza kurasa mbili kwa sifa za wamisionari Thomas Watson, Dkt. David Clement Scott na Dkt. John Arthur, kila mmoja na picha yake. Minnie Watson ametajwa mara moja tu, kama mke wa Watson, bila jina, kisha basi.

Mwandishi huyo angefuata miaka tu, angeona alichokosa. Watson alikuwa mmoja wa Waskoti wa misheni ya Kibwezi, iliyoanzishwa mwaka 1891 chini ya Dkt. James Stewart. Malaria iliwasumbua sana kule, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, ambako Thogoto ilianzia. Mchumba wake, Minnie Cumming wa Dundee, alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1899, wakafunga ndoa, wakapanda bara. Nchi aliyoikuta ilikuwa imeangamia kwa njaa ile ambayo wazee wetu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, na waliosalimika na njaa walikuwa wakimalizwa na ndui. Desemba 1900 mumewe naye akafa kwa kichomi. Ndoa yao ilikuwa ya mwaka mmoja tu.

Reli ilikuwa imeshafika Nairobi. Hakuna ambaye angemlaumu kama angefunga sanduku lake, akapanda garimoshi hadi Mombasa na meli hadi kwao. Alibaki. Misheni ilikuwa mikononi mwake, mjane katika nchi ambayo hakuwa na mwaka mzima wa kuizoea vizuri, mpaka Clement Scott alipokuja kutoka Blantyre, katika Malawi ya leo, mwaka 1901 na Kanisa la Scotland likaichukua kazi hiyo. Scott alifariki mwaka 1907. Henry Scott aliyemfuata alifariki mwaka 1911. Arthur alifika mwaka 1907 akamkuta Minnie ameshakuwa mwenyeji. Kamau wa Ngengi, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Jomo Kenyatta, alipobisha hodi Thogoto mwaka 1909, mama huyu alikuwa anakaribia kumaliza miaka kumi pale. Aliwafundisha watoto, akasimamia shule na malezi ya wasichana, na hakuondoka hadi mwaka 1931. Alipofariki mwaka 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto akalazwa karibu na mumewe. Viongozi wanaume walikuja na kupita, yeye yupo. Sasa niambieni ni nani kati ya hao wote aliyestahili kukosa jina.

Wapo wanaomlaumu kwa msimamo wa misheni wa kupinga tohara ya wasichana na kwa mfarakano wa mwaka 1929 uliozaa shule huru za Wakikuyu. Mjadala huo ni halali, na nyumbani kwetu ulikuwa mkali. Lakini hata kumlaumu mtu ni lazima kwanza umtaje.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mimi ni binti wa mchungaji wa Presbiteri na nimekulia katika nyumba za kanisa. Parishi moja ambayo baba aliihudumia, na ambayo siitaji, iliadhimisha miaka ya kuanzishwa kwake na ikatuomba picha za zamani. Nilitoa iliyo bora kuliko zote: baba ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba ya mabati, kola yake nyeupe imenyooka, na mama amesimama kando yake na mkono wake juu ya egemeo la kiti. Kitabu kilipotoka, nilikifungua palepale uwanjani, watu wakiimba. Picha ilikuwa imekatwa. Baba yupo mzima. Vya mama vimebaki vidole vinne juu ya egemeo. Nilimwendea mzee wa kanisa aliyesimamia kitabu, akaniambia nafasi ilikuwa ndogo na kwamba wasomaji walitaka kumwona mchungaji. Mama ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko kwa ajili ya wageni wa baba ambao hawakutoa taarifa. Mama ndiye aliyewafundisha akina mama wa parishi ile kusoma, jioni, kwa taa ya chemni, wakitumia Biblia kwa sababu hapakuwa na kitabu kingine. Ndiye aliyeketi na wagonjwa baba akiwa kwenye mikutano ya presbiteri. Hakulipwa hata senti, wala hakuna aliyemwajiri. Katika kitabu kizima cha kurasa sitini na kitu, jina lake halimo. Limo jina la aliyechangia hema.

Na baba alipofariki, kabla matanga hayajaisha vizuri, walikuja watu wenye daftari kuhesabu viti, meza na magodoro ili wajue vipi ni vya kanisa na vipi ni vyetu. Mama alisimama mlangoni akiwaonyesha, huku kanga yake ya msiba ingali kichwani. Aliambiwa kwa upole kwamba mchungaji mpya anasubiri nyumba. Najua nyumba ni ya kanisa, na mchungaji mpya ana watoto wake. Lakini mtu anayekaa miaka yote katika nyumba za wengine ili mumewe ahudumu, akifiwa anatakiwa aende wapi? Makanisa yanafanya harambee za kununua magari na vipaza sauti. Sijawahi kualikwa harambee ya kumjengea mjane wa mchungaji hata chumba kimoja. Mngetuma mwandishi alichunguze hilo, ingekuwa makala ya kusomwa.

Tabia hii ni ya zamani. Muulizeni yeyote habari za Krapf, atakwambia alikuwa mmisionari wa kwanza wa siku zile pwani ya Kenya. Wachache watakutajia Rosine, mkewe, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka uleule waliofika. Hao hawakuwa Wapresbiteri, lakini kalamu zilizowaandika zinafanana.

Basi nataka mambo mawili. La kwanza, chapisheni masahihisho: jina Minnie Watson, aliyezaliwa Cumming, kwa herufi za ukubwa uleule mliotumia kwa mumewe, kwenye ukurasa uleule wa Jumapili, na si kule chini kwenye matangazo ya minada. La pili ni kwa parishi zote zinazoandaa vitabu vya maadhimisho, na ninyi mnaovichapisha. Chini ya kila jina la mchungaji tieni mstari wa mkewe: jina lake la ubatizo, jina la baba yake, mahali alipozaliwa na kazi aliyoifanya pale. Parishi isiyojua iuache mstari mtupu, na mtupu huo uchapishwe hivyohivyo, ili watoto wake wakikifungua kitabu wapate pa kuandika.

Mwalimu mstaafu,
Limuru, Kaunti ya Kiambu