Shabaha ya mbali kwa bastola: tatizo haliko kwenye silaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu swali linaloulizwa na wapenzi wa mchezo wa shabaha hapa Dar es Salaam kila picha za Olimpiki zinapoanza kuzunguka kwenye simu: hivi bastola inaweza kupiga shabaha mita 100? Inaweza, na hata zaidi. Ila muulizaji akishajibiwa, swali lake la pili huwa ni anunue bastola gani, na hapo ndipo safari inapoharibika.

Mchezo wenyewe si mgeni. Bastola ya mita 50 ilikuwamo kwenye Olimpiki hadi Rio 2016, ambako Jin Jong-oh wa Korea Kusini alichukua dhahabu ya tatu mfululizo baada ya Beijing 2008 na London 2012. Baada ya Rio ikaondolewa. Mshindani alisimama, akanyoosha mkono mmoja bila kuegemea popote, akapiga risasi ndogo ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22) kwenye karatasi ambayo duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 5. Marekani na kwingineko kuna mchezo mwingine wa sanamu za chuma: kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Sanamu lazima ianguke. Ukiigonga ikabaki imesimama, huna pointi. Kwenye mtindo huru wa mchezo huo wengi hulala chali, mkono wa bastola ukiegemea mguu, na wenye bastola za silinda hufunika mguu kwa ngozi nene, maana gesi inayochomoka kati ya silinda na mtutu huchana suruali na kuunguza nyama.

Sasa tuje kwenye jicho, kwa sababu hapo ndipo pointi nyingi zinapotea. Bastola ina nundu mbele, karibu na mdomo wa mtutu, na pengo nyuma; kulenga ni kuiweka nundu katikati ya pengo hilo. Tuchukue bastola ambayo kutoka nundu hadi pengo ni milimita 160. Nundu ikikaa nusu milimita tu pembeni mwa katikati ya pengo, risasi itakosea sentimita 8 kwenye mita 25, sentimita 16 kwenye mita 50 na sentimita 31 kwenye mita 100. Lakini mkono mzima ukisogea sentimita moja kulia, nundu na pengo vikiwa bado vimelingana na mtutu ukitazama kule kule, kosa litabaki sentimita moja hata shabaha iwe wapi. Ni kweli mkono wa mtu hausogei kwa unyoofu wa namna hiyo, ila hesabu inaonyesha mahali pa kuweka akili. Wanafunzi hulalamikia mtetemo wa mkono na kusahau nundu.

Jicho haliwezi kuona kwa ukali kitu kilicho sentimita 80 na kingine kilicho mita 100 kwa wakati mmoja. Chagua nundu. Kingo zake zionekane kali, mwanga wa kushoto na wa kulia ndani ya pengo uwe sawa, juu kuwe na usawa mmoja, halafu shabaha iachwe kule mbali na ukungu wake. Aliyepita miaka 40 mara nyingi ataona nundu imeota manyoya. Huyo aende kwa mtaalamu wa macho, aeleze kwamba anataka kuona kitu kilicho mwisho wa mkono, na mara nyingi nyongeza ya +0.50 au +0.75 kwenye jicho la kulengea inatosha. Miwani ya kusomea gazeti ya +2 haifai kabisa; shabaha yenyewe inayeyuka.

Jua la Dar nalo huchezea nundu. Likipiga kutoka kushoto, upande huo wa nundu unang'aa na jicho linasawazisha kwa mng'ao badala ya kingo. Dawa ya zamani ni masizi. Bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa mbali, pitisha nundu na pengo juu ya moshi wa kibatari hadi viwe vyeusi tititi. Bei yake ni tone la mafuta ya taa, na yanashinda rangi nyingi za dukani.

Kuna jambo moja huwashangaza wengi wanaporudi nyuma hadi mita 100. Nundu yenye upana wa milimita 3.5, ikiwa sentimita 80 kutoka kwenye jicho, inafunika sentimita 44 za kitu kilicho mita 100. Doa jeusi la karatasi ya kawaida ya mita 25 linapotea lote nyuma yake, na mpigaji anabaki kubahatisha. Bandika mraba mweusi wa sentimita 60 kwenye ubao mweupe wa mita moja na zaidi, kisha weka ncha ya nundu chini ya mraba ukiacha uzi mwembamba wa weupe. Uzi huo jicho linaupima vizuri kuliko linavyotafuta katikati ya doa dogo.

Kushuka kwa risasi si siri. Bastola ya milimita 9 iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 25 itapiga chini kama sentimita 4 kwenye mita 50 na kama sentimita 30 kwenye mita 100. Risasi ya .22 ya mwendo wa kawaida hushuka zaidi, kama sentimita 40 kwenye mita 100. Marekebisho yake ni hesabu ya darasa la saba: zidisha kosa lako kwa urefu wa nundu hadi pengo, kisha gawanya kwa umbali, vyote vikiwa milimita. Umepiga chini sentimita 30 kwenye mita 100, urefu ni milimita 160: 300 mara 160, gawa kwa 100,000, unapata karibu nusu milimita. Pengo la nyuma linapandishwa kiasi hicho. Pengo hufuata upande unaotaka risasi iende; nundu huenda kinyume. Wenye bastola ambazo pengo lake halipandi wanaweza kuiacha nundu ichomoze juu ya pengo kwa kiasi hicho hicho, lakini iwe sawa kila risasi, na hilo linataka mazoezi mengi kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Kidole ni shule nyingine. Kanuni za kimataifa zinataka uzito wa kuvuta triga, yaani kifyatulio, ya bastola ya mita 25 usipungue gramu 1,000, na ya bastola ya upepo (inayosukuma kidonge kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti) ya mita 10 usipungue gramu 500. Uzito si adui. Adui ni mwili kuujua mlio kabla haujatokea. Anayetumia mkono wa kulia akiona matundu yanarundikana chini kushoto, asikimbilie bisibisi. Mwenzake ampangie magazini, achanganye risasi za mazoezi zisizo na baruti bila kumwambia ziko nafasi ya ngapi. Ikifika isiyolia, mdomo wa mtutu utachota kwenda chini mbele ya watu wote. Hapo hakuna ubishi tena. Tiba ni triga kuvutwa kwa nguvu inayoongezeka taratibu, moja kwa moja nyuma, kwa nyama ya kidole iliyo kabla ya kiungo cha kwanza, macho yakiendelea kutazama nundu hata baada ya mlio. Mkono ukishakaa hewani sekunde 10 bila risasi kutoka, ushushe, pumua, anza upya. Kulazimisha kwenye sekunde ya 12 ni kupoteza risasi.

Mazoezi bila risasi hujenga zaidi ya boksi zima la risasi, ila yana masharti yake: chumba cha risasi kitazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine kabisa cha nyumba, na ukuta unaolengwa usiwe na mtu nyuma yake. Bastola ya .22 isipigwe tupu hovyo, kwani pini nyingi hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Weka risasi bandia.

Yusuf Dikeç wa Uturuki alipopata fedha ya timu mchanganyiko Paris 2024 akiwa na mkono mfukoni, mitandao ilimgeuza shujaa wa filamu. Mkono mfukoni au mkandani ni jambo la kawaida katika mchezo huu. Kanuni zinataka mkono mmoja, na huo mwingine ukining'inia unazungusha bega. Kwa anayejifunza masafa, mikono miwili inaruhusiwa na akili yoyote. Akipima silaha aketi, aegemeze viganja na vifundo vya mikono juu ya mfuko wa turubai uliojaa mchanga. Asiegemeze mtutu wala kitako juu ya mbao ngumu: bastola inaruka kabla risasi haijatoka na matundu yanahama, halafu lawama zinapelekwa kwa kiwanda.

Risasi nazo zitoke toleo moja la kiwanda. Matundu matatu yaliyokaribiana ni kibali cha kujidanganya. Piga 10 ndipo useme bastola yako ina uwezo gani. Ukibadilisha aina ya .22, risasi chache za mwanzo usizihesabu, kwa sababu mtutu bado una nta na masalia ya zile za awali.

Kuhusu upepo, saa 1 hadi saa 3 asubuhi ndio wakati mzuri kwa sehemu nyingi za jiji. Mchana upepo wa bahari unapanda, na joto la ardhi linafanya shabaha icheze kama iko ndani ya maji. Upepo wa ubavu wa mita 5 kwa sekunde huisukuma .22 kama sentimita 3 kwenye mita 50 na kama sentimita 10 kwenye mita 100. Kusi au kaskazi, funga kitambaa chepesi kwenye kijiti karibu na shabaha. Na ukirudi nyumbani ifute bastola kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyo hiyo; chumvi ya pwani haisubiri Jumamosi.

Mhariri, sasa nizungumzie tuta la udongo la kuzuia risasi nyuma ya shabaha, jambo ambalo hata wanaojua kupiga hawalipendi kwa sababu linagharimu pesa. Mtutu ukiinuka nyuzi 5 kimakosa, risasi inafika mita 2.2 juu ya mstari kwenye mita 25. Kwenye mita 50 ni mita 4.4. Kwenye mita 100 ni karibu mita 9. Kwa hiyo tuta la mita 3 lililo nyuma ya shabaha ya mita 25 halina maana yoyote mtu akirudi nyuma hadi mita 100, labda pawe na vizuizi vya juu vinavyomfanya mpigaji asione anga kabisa akiwa mahali pake. Risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukitazama jinsi nyumba zilivyosambaa Goba, Bunju na Kigamboni, sijui ni pori gani hilo watu wanalosema halina mtu.

Uso wa tuta uwe udongo uliochekechwa, angalau nusu mita ya mbele isiwe na jiwe. Ukanda wetu wa pwani una mawe ya matumbawe chini kidogo tu ya udongo, na risasi inayogusa jiwe kwa pembe ndogo hudunda na kwenda isikotarajiwa. Maji hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kulenga kuelekea baharini ni upumbavu hata kama hakuna ngalawa inayoonekana. Shabaha za chuma ziinamishwe kidogo mbele ili vipande vya risasi viende chini, na bamba lililokwisha kuchimbika mashimo litupwe. Miwani na vizuia sauti vya masikioni viwe kwa kila aliyepo, hata aliyekuja kutazama. Mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula, kwani risasi hupuliza vumbi la madini yake.

Juu ya hayo yote kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayetaka mchezo huu aanzie polisi kabla ya dukani, na hata bastola ya upepo aiulizie kabla ya kuagiza.

Nimeitaja hiyo ya upepo makusudi. Duara la pointi 10 la mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Ukilivuta kwa pembe ile ile hadi mita 100 linakuwa sentimita 11.5. Yaani kinachodaiwa kwa jicho na kidole katika ukumbi wa mita 10 ni kile kile kinachodaiwa mbali, bila upepo, bila jua, bila tuta la mita 9. Jiji hili lina kumbi za shule na vituo vya michezo vinavyokaa vitupu nusu ya wiki. Kinachohitajika ni njia ya mita 10 isiyo na mlango wa pembeni, kisanduku cha chuma cha kunasa vidonge vya milimita 4.5, shabaha iliyowekwa mita 1.4 kutoka sakafuni, taa inayomulika karatasi bila kumwingia mpigaji machoni, na msimamizi mmoja ambaye neno lake "acha" halijadiliwi. Wahusika wa michezo katika manispaa zetu wakitoa kibali na masharti ya ukumbi mmoja wa namna hiyo, anayetamani mita 100 atakuwa na pa kuanzia Jumatatu jioni baada ya kazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mlenga Shabaha,
Kinondoni, Dar es Salaam